Thamostati ya Ghorofani kwa Bi Ashwaq

Alhamisi, 12 Juni 2025

Al Warqa leo, hapa Dubai. Villa ya madam Afra. Wazee wake watu wa Unguja, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu cha Tanga! Anataka thamostati za kisasa, vile vidude vya ukutani vya kupangia baridi ya AC, zile unaziamrisha kwa simu ukiwa sokoni. Tatu. Kazi yangu kukagua kama zitakubaliana na AC zilizopo. Zinataka volti 24. Ukizipa 220 zinaungua, hakuna mjadala.

Chini nimefungua mbili ukutani, nimepima: 24, 24. Safi. Ya tatu iko ghorofani, chumbani kwa mama yake, Bi Ashwaq, ambaye kafiwa na mumewe mwanzoni mwa Aprili. Madam kasema mama yumo edani, mwanamume hapandi juu. Nikainamisha kichwa, mtu mwenye adabu zangu. Ningeweza kuomba bibi ahamie chumba kingine dakika kumi. Niliona haya. Na gari letu nje linapiga honi. Nikaandika 24 mara tatu, nikasaini. Nyumba moja, si itakuwa yaleyale!

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Hayakuwa yaleyale.

Eda imekwisha, thamostati zimefungwa leo. Aliyetumwa ni Yekoniya, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja. Kwetu kipimo anakuwa nacho mkaguzi. Anayefunga anafuata karatasi. Kafuata karatasi yangu. Chini sawa. Juu kawasha — pu! Moshi chumba kizima. Kumbe ghorofa ile iliongezwa baadaye, AC zake za aina nyingine, 220 imekuja moja kwa moja ukutani. Yekoniya kaungua vidole viwili. Bi Ashwaq kateremshwa ngazi anakohoa. Nje joto 44, na chumba chake hakina baridi tena.

Msimamizi wetu, Zayd, kanipigia: ile ya juu uliipima? Nilipaswa kusema hapana. Neno moja! Mdomo wangu huu ukasema: sikuruhusiwa kupanda, ile 24 ya tatu niliikisia, nikamwambia Yekoniya achukue kipimo changu apime kabla ya kufunga.

Sikumwambia kitu. Sikumwambia hata neno.

Jumanne, 19 Agosti 2025

Madam Afra kapiga simu mwenyewe. Anauliza yule kijana mbona mzembe hivyo, angemuulia mama yake. Halafu akasema: “Wewe mwanangu ulikuja na heshima zako, hata ngazi hukuikanyaga.”

Nikamwambia ahsante, madam. Ahsante! Naona aibu mpaka kula sili.

Jumatano, 20 Agosti 2025

Zayd kasema khalas, yamekwisha, visa ya Yekoniya inakatwa. Arudi kwao. Hapa ana miezi minane tu, na kazi hii nimemfundisha mimi, tangu namna ya kushika bisibisi.

Jioni alikuwa anajifunga kitambaa vidoleni, kakaa kitandani kwake. Nilijua itakuja, nikajifanya natafuta soksi. Akauliza taratibu: “Bro, kweli uliniambia nipime? Me sikumbuki.”

Nikazidi kupekua soksi.

“Lakini wewe huwezi danganya mtu. Ni mimi nilisahau. Siku hizi kichwa yangu iko mbali. Sorry, kaka, nimekuaibisha kwa hawa watu.”

Ananiomba radhi. Mimi! Nikasema usijali. Usijali — ndilo jibu lililonitoka. Natamani angenipiga ngumi.

Nimejaribu kujitetea humu ndani, mahali ambapo hakuna anayesoma, na nimeshindwa. Eda si kisingizio. Yule mjane hakunikosea kitu, wala binti yake. Severina, mfanyakazi wao, alikuwa palepale jikoni. Ningemwomba apande, afungue kifuniko, anipigie picha ya zile waya tu, ningezijua kwa macho. Sikufikiria hata hilo. Nilitaka kuwahi chakula.

Alhamisi, 21 Agosti 2025

Saa mbili asubuhi. Nje ya ofisi, kwenye benchi. Nimeamka nikiwa nimeamua: leo nasema. Nimefika mapema kabisa. Zayd kaniambia ngoja, yalla, tumalize kwanza na huyu. Yekoniya yumo ndani. Naandika ili nisiinuke nikaondoka.

Ningeingia tu. Mlango haujafungwa kwa ufunguo. Nikisema, visa itakayokatwa ni yangu, na nina miaka kumi na moja hapa.

Ametoka. Ana karatasi. Imeandikwa kwamba alielekezwa apime, naye hakupima. Akisaini, wanampa tiketi na hawamwekei marufuku ya kurudi. Asiposaini, sijui. Hata yeye hajui.

Amekaa karibu yangu. Anasema: “Kaka, wewe unakumbuka kunishinda. Ukisema uliniambia, nasaini, yaishe.”

Zayd anatuangalia kutoka mlangoni.

Yekoniya hana kalamu. Anaiomba hii ninayoandikia, ameshanyoosha mkono —