Baba Yuko Bandani

Tunbury, Vermont
14 Oktoba

Dada yangu mpendwa Hester,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Duane. Natumaini zinawakuta wazima, na kwamba joto la huko Arizona limeanza kuwaonea huruma. Goti lako linaendeleaje? Shangazi Verna anauliza kila akija kama umekwenda kulipiga picha, au bado unawahimiza wagonjwa wako wafanye usiyoyafanya wewe. Huku hatujambo. Majani yameshapukutika, watalii wameondoka na kamera zao, na mizinga tumeifunika kwa ajili ya baridi. Nyuki wana asali ya kuwafikisha hadi majira ya kuchipua. Mimi ndiye si mzima sana, lakini ugonjwa wangu hauna daktari. Ni aibu tu.

Najua unashangaa kuona barua ya karatasi kutoka kwangu. Sijakuandikia kwa kalamu tangu ulipokuwa chuoni, na mwandiko wangu haujapata adabu tangu wakati huo. Lakini sidhani kama utaamini tena kitu chochote changu kinachokufikia kwa kompyuta, na sikulaumu.

Nianze na yale unayoyajua. Ulijiandikisha kwenye orodha yetu ya wateja kwa anwani yako ya barua pepe ya hospitali, ili wenzako nao waagize asali ya Krismasi. Ukapata barua ya kukukaribisha, ukapata ya pili inayoeleza asali zetu, na Jumatatu asubuhi, kabla hujavaa sare, ukapata ya tatu. Ilisema kwamba ninapokuandikia hivi Baba yuko bandani, anagongomea mizinga na kuwatukana nyuki. Kwamba soksi yake imetoboka kidole gumba na hataki kusikia habari ya kununua mpya. Kwamba nimempelekea kahawa akanifukuza. Baba yetu huyo huyo tuliyemzika Aprili, mimi na wewe, siku gari la maiti liliponasa kwenye tope tukalisukuma na nguo zetu nyeusi.

Ukajibu kwa mstari mmoja. Ukasema umefurahi kusikia kuwa Baba yuko bandani, na akimaliza kuwatukana nyuki nimwambie akupigie simu.

Niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Jioni ulipopiga mwenyewe nikakuambia ni mashine, ile programu ya kompyuta. Nikasema barua zile niliziandika zamani, zinajituma zenyewe kila mtu mpya anapoacha anwani yake, na kwamba katika hekaheka za msiba nilisahau kuzizima. Hukunigombeza. Ukasema tu wagonjwa wanakungoja, ukakata. Hester, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kule kukata simu ndiko kulikonikosesha raha hadi leo.

Hukuwapo wakati tulipogombana juu ya hizo barua, kwa hiyo acha nikusimulie. Baada ya maonyesho ya kilimo mwaka jana, watu wengi mno walitaka kupata habari zetu. Baba alikuwa amezoea kumwandikia kila mmoja barua pepe yake, kwa vidole viwili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akimuuliza mtu bustani yake ikoje na mvua zimenyeshaje kwao. Wateja walipokuwa wachache ilikuwa raha. Walipoongezeka, kuna waliokaa hadi Desemba bila kusikia neno kutoka kwetu, wakaenda kununua kwingine. Mimi nikataka mashine. Nikamwambia kwamba tutaandika barua tatu nzuri mara moja tu, na zenyewe zitamfikia kila mgeni kwa siku zake, sisi tukiwa tumelala.

Baba alichukia kama nimemwambia tuwauze nyuki. Alisema ukimwamkia mtu, angalau uwe umeamka. Nilipomsomea ile barua ya tatu alicheka hadi akakohoa, kwa sababu maneno yote yalikuwa ya kweli, soksi na yote. Kisha akaniuliza, "Sasa huyu atakayeisoma mwezi wa sita, mimi nitakuwa bado niko bandani?" Nikamjibu kwamba hakuna atakayekuja kuchungulia. Akasema, "Hata nikiwa chooni, niko bandani? Emmett, unanifunga kifungo cha maisha, mwanangu."

Mwishowe alikubali kwa sharti moja. Mashine itume, sawa, lakini mtu akijibu, nimjibu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Alisema hataki kuona mashine inajibizana na mashine mwenzake huku watu wamekaa pembeni. Nikamwahidi. Tulipeana mikono kabisa, na mkono wake ulinata asali, kama kawaida.

Siku aliyofariki unaikumbuka kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nazunguka tu ndani ya nyumba kama kuku aliyepotelewa na wenzake. Wewe ulitoka na Shangazi Verna kwenda kuwapa nyuki habari. Niliwaona dirishani. Shangazi alipita mzinga hadi mzinga, akagonga kila mmoja kwa ufunguo wa nyumba, akainama na kuwaambia taratibu kwamba Orrin amekufa, na kwamba kuanzia leo bwana wao ni Emmett, kwa hiyo wasihame. Wewe ulimfuata nyuma ukifunga vitambaa vyeusi. Tulifanya hivyo kwa Babu na kwa Mama, na sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kuuliza iwapo nyuki wanasikia. Wanaambiwa kwa sababu ni watu wa nyumbani.

Basi nyuki waliambiwa kabla hata ya mchungaji. Wateja wetu wa zamani nao niliwaandikia, tangazo fupi lenye picha ya Baba na kofia yake ya wavu, na walitutumia pole nyingi, ulizisoma. Waliobaki bila kuambiwa ni wageni tu, wale wanaojiandikisha leo na kesho. Kwao Baba aliendelea kugongomea mizinga mwezi wa tano, wa sita, majira yote ya joto.

Baada ya simu yako, Shangazi Verna alinikuta jikoni nikiwa na sura hii ya aibu. Nikamweleza. Alishika mdomo, macho yakamjaa machozi, akanikumbatia. "Maskini mtoto wa kaka yangu," akasema, "umeshindwa kumtoa kwenye barua ile. Umetaka abaki hai mahali fulani." Na mimi nikalia begani kwake, Hester. Nikaitikia. Alirudi kesho yake na pai ya tufaha, ile anayompikia mtu aliyefiwa, akaniwekea kipande kikubwa na jibini juu. Nilikila chote.

Sasa nakuomba uketi, kama umesimama, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipoandika jina lako juu ya karatasi hii.

Sikusahau kuizima. Wiki ile ile tuliyomzika, wewe ukiwa hewani unarudi kwako, niliifungua barua ya tatu. Bei ya chupa ilikuwa imepanda na ilinibidi nipandishe bei ya chupa kubwa ya asali. Nikabadilisha bei. Mstari wa Baba ulikuwa sentensi mbili tu juu yake. Niliusoma. Nikaona kabisa kwamba unasema uongo tangu Jumanne aliyofariki. Nikauacha, kwa sababu katika barua zote tatu ni hiyo inayouza. Watu hawanunui kwa ajili ya maelezo ya maua na misitu. Wananunua wakisoma habari za mzee mwenye soksi iliyotoboka. Ningependa sana sababu aliyonipa Shangazi iwe ya kweli, na nimejitafuta ndani kwa ndani kama ipo hata kidogo. Huenda ipo sasa. Siku ile haikuwapo. Siku ile ilikuwa biashara.

Na hilo si baya kuliko yote.

Mwezi wa saba kilifika kifurushi kutoka Iowa, kwa mama mmoja mjane anayeitwa Lorena Stroud. Ndani kulikuwa na soksi za sufu, za kijivu, zenye mstari mwekundu juu, amezifuma kwa mkono wake, na kikaratasi. Alisema marehemu mumewe alikuwa mbishi vile vile, kwa hiyo anajua kwamba wanaume wa aina hii hawanunuliwi soksi, wanaviziwa tu wazikute kwenye droo. Akaomba nimwekee Baba kwenye droo bila kumwambia. Akaongeza kwamba asipozivaa, nimjulishe, atamwandikia mwenyewe amgombeze.

Unakumbuka lile sharti. Mtu akijibu, nimjibu mwenyewe, kwa mkono wangu. Nililitimiza. Nilikaa kwenye kiti cha Baba, kwenye meza yake, nikamwandikia Bibi Stroud kwamba soksi zimefika na nimefanya hila aliyonifundisha. Kwamba Baba kazikuta, akanung'unika, akazivaa. Kwamba anasema zinambana kidogo kidole gumba cha kulia lakini hazivui. Kwamba anamshukuru na anamsalimu. Barua hiyo haikuandikwa na mashine, Hester. Mashine ilirudia tu nilichoiambia Baba akiwa hai. Uongo huu niliutunga mimi, sentensi kwa sentensi, nikaurekebisha upendeze, nikautuma, kisha nikaenda kula chakula cha mchana.

Nilipoilaumu mashine kwenye simu, nilijua haya yote. Niliyajua nikila pai.

Jumanne niliizima. Kulikuwa na watu wapya waliokuwa wakingoja barua ya tatu, nikawaandikia mmoja mmoja, kwa vidole vyangu, nikiwauliza mvua za kwao zimenyeshaje. Nimewaambia kwamba biashara hii ya asali ilianzishwa na baba yangu, Orrin Thayer, na kwamba alifariki Aprili. Inachukua muda mrefu, na nimeshaona kwamba wengine wataondoka kabla sijawafikia. Basi waondoke. Kwa Shangazi nilikwenda jana, nikamwambia ukweli wa ile pai. Alinitazama, akaendelea kumenya viazi. Hakunifukuza, lakini pia hakunikaribisha chakula, na nyumba ile unaijua, hakuna atokaye bila kula.

Kwa Bibi Stroud ndiko kulikonitesa. Niliandika nikafuta mara nyingi, kila nikisoma naona nimejipamba. Mwishowe nikamwambia tu kwamba baba yangu alikuwa amekwisha kufa soksi zake zilipofika, na kwamba yale majibu niliyatunga. Nikamwomba radhi. Nilitarajia anitukane, au anisamehe, na kusema kweli nilitumaini anisamehe.

Jibu lake limefika leo asubuhi. Ni maneno matatu. "Nirudishie soksi zangu."

Anayo haki. Lakini kuna kitu sijakuambia, dada. Kile kidole gumba cha kulia sikukibuni. Ni changu. Nilizijaribu siku zilipofika, na nimekuwa nikizivaa bandani tangu baridi ilipoanza.

Nimezifua kwa sabuni ya maji, nimezikamua taratibu, nazo zinakauka kwenye kiti cha Baba karibu na jiko. Kesho nitazipeleka posta pamoja na barua hii. Nimemaliza kusema, na sikuombi unijibu haraka. Ila ukitaka kunitukana, piga simu. Nitapokea mwenyewe.

Mfikishie Duane salamu zangu, na lipeleke goti hospitali, si unafanya kazi humo humo. Shangazi Verna anakusalimu. Hilo nimemuuliza kabla ya kuliandika.

Ni mimi mdogo wako,

Emmett