Wimbo wa Hatua ya Kumi na Mbili

6 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kichwa chako vipi, kinakuacha ulale? Mimi mzima, ila macho yamechoka. Wiki nzima nakata lenzi za miwani ya watu mpaka macho yangu yanadai likizo.

Nina ombi. Unaikumbuka ile mashine ya gemu niliyokuwa nikigombania na mdogo wangu? Siku hizi kila Jumamosi mchana napiga muziki kwenye ukumbi mmoja hapa. Nachukua nyimbo za gemu za zamani, nazitia besi nzito ya kompyuta, dabstep wanaiita, vijana wanaruka mpaka wanaloa jasho. Nyimbo zenyewe ziko mtandaoni, lakini mashine yetu ilikuwa na kasoro, iliimba polepole kama ina usingizi. Nautaka usingizi huo. Unirekodie kwa redio yako ndogo, kwenye kadi ya kumbukumbu niliyoiweka humu, yenye rimiksi moja, wimbo niliouchanganya upya, uonje.

Najua ni miaka sita tangu tumzike, na hujafungua sanduku lake. Kama ni vigumu, acha.

Mwanao,
Kelele

25 Machi

Kelele wangu,

Marahaba. Kichwa kimetulia, sasa mgongo ndio umeshika zamu. Nimeshona sare sitini za shule, bado arobaini.

Nilikaa na sanduku siku mbili kabla ya kulifungua. Mashine imewaka mara ya kwanza, sikuamini. Nimerekodi nyimbo tatu. Kikohozi changu kimo, kikate. Hiyo rimiksi yako inaanza vizuri, halafu ghafla ni kama mtu anaburuta kabati la chuma juu ya bati. Hao vijana masikio hayawaumi?

Nafasi ya mdogo wako kwenye mchezo bado imehifadhiwa, na jina lake. Hatua ya saba. Sikuigusa.

Mama yako

14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Kikohozi sikukikata, nimekigeuza ngoma. Umekuwa staa bila kujua.

Kadi hii ina rimiksi nzima. Nyimbo tatu ni zile zako. Ya nne, ya mwishoni, nimeitunga mwenyewe. Jumamosi nilipofika hapo, ukumbi mzima uliacha kucheza. Hakuna aliyelalamika. Walisimama tu wakitazama mlangoni, kama wanamsubiri mtu. Fundi mitambo akaniuliza, "Hiyo ya hatua ipi?" Nikamwambia ni yangu.

Mwanao,
Kelele

9 Mei

Kelele,

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo, lakini nina jambo la kukiri. Nacheza. Kila baada ya chakula cha mchana nafunga mlango kwa ufunguo, nakaa kitandani kwa mdogo wako, naendelea na mchezo pale alipoishia. Usinicheke. Mwanzoni nilikuwa nakufa kabla sijapiga hatua tatu. Sasa vidole vimezoea. Sare zimelala, mwalimu mkuu anapiga simu sipokei.

Juzi nimeingia hatua ya kumi na mbili, ya mwisho. Ni ngazi nyeupe zinazopanda gizani, hakuna adui hata mmoja. Muziki ukaanza, pedi ya kuchezea ikanidondoka. Ni ule wako wa nne. Noti kwa noti, hata pale unapojikwaa kidogo kabla ya kupanda.

Umeutoa wapi?

Mama yako

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimejifungia chooni kazini, wenzangu wasinione.

Nilikudanganya, sikuutunga. Mdogo wangu aliuimba hospitali wiki ile ya mwisho, kwa pua, macho ameyafumba. Nilimuuliza, "Wimbo gani huo?" Akasema, "Wa kule juu." Nikadhani ni homa tu. Hakuwahi kupita hatua ya saba, unajua.

Asubuhi ile alikuwa anauimba, nami nikatoka kununua chai. Niliporudi walikuwa wameshamfunika. Miaka sita nimekuambia nilimshika mkono. Sikumshika, Mama. Alikuwa peke yake.

Na kuna zaidi. Jana nimewatafuta mtandaoni watu wengine waliofika hatua ya kumi na mbili. Nimewasikiliza saba. Wote wana wimbo mmoja, wa tarumbeta. Si huu.

Zima mashine. Usizipande hizo ngazi.

Kelele

3 Juni

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Jirani wa mlango wa pili anasema mchana anakusikia ukiongea na kucheka, halafu unanyamaza kama unayesikiliza. Nimeomba ruhusa kazini. Niandikie hata neno moja.

Kelele

11 Juni

Kelele mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Nisamehe kwa kimya. Niko mzima, nimeoga, nimekula, na cherehani imeanza tena kulalamika.

Barua yako ilinikaa kifuani. Nilikasirika, sikufichi. Nilisema moyoni, alimwachaje mdogo wake? Kisha nikakumbuka nilikuwa wapi mimi asubuhi ile. Nilikuwa hapa, nikishonea watu vifungo. Basi nikaiacha hasira.

Nikazipanda ngazi. Zilichukua mchana mzima. Kazi ni kubonyeza kwenda juu tu, na wimbo ukaendelea, ukapita pale unapoukatia wewe. Nilipunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho. Haukunyamaza. Nikaanza kumsimulia mdogo wako habari zako, na sikuogopa hata kidogo. Sasa ninapoandika ndipo hilo linaponitisha.

Juu kabisa kuna mlango. Nilipoufungua wimbo ukaisha taratibu, kama mtu anayeshikwa na usingizi. Skrini ikawa nyeusi, yakatokea maneno mawili. Nikavaa miwani, nikasoma mara tatu. Mashine ina matundu mawili ya pedi, na moja lilikuwa tupu. Chumbani nilikuwa mwenyewe, ufunguo uko mlangoni kwa ndani.

Iliandika: wachezaji wawili.

Halafu ikazimika, na haijawaka tena. Nimejaribu, nisikudanganye.

Njoo. Sina hasira. Sijui ni nani aliyekuwa naye asubuhi ile, lakini siamini tena kwamba alikuwa peke yake, na wewe usiamini.

Mama yenu