Magendo ya Habasoda

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefungwa barakoa ya plastiki usoni, nikabanwa mezani, nikapigwa mionzi. Kisha dripu. Tumerudi nyumbani, mke wangu Insaf anasema: "Uvimbe mdogo tu wa koo, Wagdi. Wanaukausha." Mwanangu Hatim akaitikia mbiombio.

Jamani! Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa ofisa forodha hapa Port Said. Watu walinipitia wamevaa makoti matatu mwezi wa Agosti, wakaniambia wana homa. Uongo naunusa kabla haujashuka garini. Nina saratani. Ila hawa wangu wanajitahidi sana — nimewaacha wapite.

Jumatatu, 6 Oktoba

Daktari Mervat kamvuta Hatim nyuma ya pazia ili nisisikie. Pazia! Nimesikia yote. Ile dripu kazi yake ni kuzilegeza seli za saratani, ili mionzi ikizipiga zishindwe kujitengeneza. Kwa hiyo baba asipewe vidonge vya vitamini, mafuta ya habasoda wala mitishamba — huenda vikazikinga hizohizo tunazozipiga. Na tiba hii ikishindwa, itabidi koo likatwe, sauti iende.

Naogopa. Humu naweza kusema.

Alhamisi, 9 Oktoba

Dada yangu Fauqia kaja. Yeye haambiwi kitu. Wanasema akijua atalia mpaka Kupro, ng'ambo ya bahari, wasikie. Basi kaja na "dawa ya uvimbe": vidonge vya mafuta ya habasoda, na vitamini kutoka Kuwait, kopo kubwa kama la rangi.

Hatim akajaribu. Shangazi, labda tungoje kidogo...

"Tungoje nini?"

Akitaja sababu, siri imetoka.

"Habasoda ni dawa ya kila kitu isipokuwa mauti, Mtume kasema! Wewe mwenzetu umesomea wapi?"

Kijana kanywea. Mimi nikavibana vidonge shavuni, nikatabasamu, nikaenda kuvitema kwenye chungu cha mrehani pale roshani. Magendo! Uzeeni! Wale wa makoti matatu wangeniona wangecheka hadi wavuliwe yote.

Jumamosi, 18 Oktoba

Koo linawaka. Insaf kakaanga samaki, nimeagana na samaki huyo kwa macho tu. Mrehani, mashallah, umenawiri.

Jumanne, 28 Oktoba

Sauti imekauka. Daktari kanikataza kuongea, Hatim kaniletea kibao cha mwanawe, cha kuandika na kufuta.

Na nimekamatwa. Fauqia kafukua chungu! Serikali ilikosea, yeye ndiye wa kuajiriwa forodha. Sasa kapasua vidonge vyote, kavimimina kwenye supu ya dengu, kaketi mbele yangu na kijiko. "Leo hutemi kitu, kaka. Nakuangalia mpaka umeze."

Sina pa kukimbilia. Nikaandika kibaoni: *Nina saratani. Mafuta yako yanailinda.*

Akasoma. Hakulia. Kupro wako salama. Akakichukua kibao — akakikalia!

"Nani kakudanganya?" kaninong'oneza. "Una uvimbe tu. Na Insaf asikuone unaandika mambo hayo, presha itamuua. Mwenyewe nimemficha tangu siku ya kwanza."

Kumbe anajua! Wote tunajua! Nyumba nzima tunabeba mzigo mmoja, kila mtu kauficha kwenye koti lake.

Insaf kachungulia mlangoni: "Kaandika nini?"

"Kasema supu haina chumvi," Fauqia kamjibu.

Insaf — supu yake haijakosa chumvi tangu nimuoe! — hakubisha. Kaenda kuleta chumvi. Namsikia jikoni anapenga kamasi. Chumvi yenyewe haiji.

Nawapenda. Wataniua.

Nimefungua daftari hili na kuandika, ili nipate kisingizio cha kutofungua mdomo. Fauqia bado kakikalia kibao, machozi yanamdondokea bakulini. Kijiko kakileta hadi mdomoni pangu. Anasema, "Kimoja tu, kaka. Kwa ajili yangu."