Jina Lako Kwenye Kikapu cha Maombi

Flemingsberg, Stockholm,
Jumatano, 13 Agosti 2025.

Mpendwa dada Perpétue,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ingawa siku hizi kabla ya kulitaja jina hilo huwa nageuka kwanza kuona nani yuko nyuma yangu. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba baridi ya asubuhi haijaanza kukutesa huko pwani. Ukiuliza hali yangu, mwili ni mzima, kazini naenda, wagonjwa nawageuza kitandani kama kawaida. Usingizi tu ndio tumekosana.

Najua utashangaa kupata karatasi na stempu wakati simu tunazo. Nimeikwepa simu makusudi. Wewe kwenye simu una huruma nyingi, ungenikatiza, ungesema ça va aller, yaani yatapita, nami ningeishia kukuuliza bei ya samaki. Karatasi haikatizi mtu.

Umeniuliza mara tatu kama nakuja. Kwenye ile kazi ya nyumba ya wazee wananisubiri tarehe mosi Septemba, na wewe umeshakipaka rangi kile chumba cha juu. Dada, kwa sasa hakuna ninachokitaka kama kuja. Hapa sina mtu. Lakini lipo jambo ambalo ukilijua huenda usinitake mlangoni kwako, na sitaki kulala chini ya dari yako ukiwa hulijui. Basi soma mpaka mwisho, kisha uamue.

Nianze na huko kwenu, maana ulinisihi nikwambie ukweli nilivyopaona mwezi wa Juni. Mji ni mzuri, watu wake ndio wagumu. Nilidhani sisi Wachagga ndio tunaojua kununa, kumbe hatujaanza. Ile siku ya Midsommar, sikukuu yao ya kiangazi, wewe na Annika wako mlipotandika blanketi pale uwanjani karibu na mlingoti wa maua, yule mama mwenye kofia ya majani alilivuta lake mita tatu kutoka kwetu, akarudi tena kumvuta na mbwa wake. Walipoanza kucheza duara, Annika, Mswidi mwenzao, walimpa mkono, wewe walikuruka. Mimi walinitazama tangu viatuni hadi kwenye kilemba, wakawa hawajui waanze kuchukia kipi: weusi wetu, au ninyi wawili kushikana mikono. Kisha ukanionyesha ile droo ya jikoni yenye vikaratasi wanavyokutumbukizia kwenye sanduku la barua, kile kimoja kikisema kwamba kabla yenu hapa palikuwa na amani. Hakuna aliyetia jina. Nikakuuliza unaishije huko mwaka wa tatu sasa. Ukanijibu kwamba wa huko wanakuchukia wakiwa kwao na wewe ukiwa kwako, lakini angalau hawakuchukii huku wamekushika kichwa wanaomba. Nilicheka ulipolisema hilo. Usiku sikucheka.

Sasa habari za huku. Nilipokuja kwako nilikueleza kwa kifupi tu kwamba kanisani wamejua habari zangu na Wamuyu, yule Mkenya wa Sundbyberg. Sikukueleza walivyojua, na mbele ya Annika nisingeweza. Unakikumbuka kikapu chetu cha Umoja wa Wanawake, kile tunachokizungusha Alhamisi, kila mtu anaandika ombi lake kwenye kipande cha karatasi bila jina, halafu kila mmoja anachomoa moja na kuliombea kwa sauti. Bado kinazunguka. Alhamisi moja mwezi wa Mei nilichelewa kwa sababu treni ilisimama Huddinge nusu saa. Nimebeba sufuria ya machalari, ndizi zetu za nyama, nimefika mlangoni, nasikia sauti ya Mama Gladness ikisoma. Alikuwa anasoma kwamba tumwombee dada yetu Adelina Lyimo, ameonekana Sundbyberg akimbusu mwanamke mwenzake, Bwana amfungue na aibu hii isiwafikie watoto wetu.

Nilisimama pale kwenye korido na sufuria yangu. Wakaomba, wanawake kumi na wanne, mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliomba nirudishwe nyumbani Tanzania. Mwingine aliomba kaka yangu Boniface apewe nguvu ya kubeba msalaba huu, kana kwamba msalaba wenyewe ni mimi. Nilipoingia waliitikia amina, wakaanza kupanga viti. Niliweka chakula mezani. Hakuna aliyegusa. Unawajua wale, na machalari yangu unayajua. Watu wanaokwangua sufuria kwa mwiko walikunywa chai kavu wakaondoka. Nikairudisha sufuria kwenye treni ikiwa imejaa vilevile.

Tangu siku hiyo hakuna anayekula chakula cha mkono wangu. Nikikaa benchi, benchi linabaki langu peke yangu. Zuri, mtoto niliyemsimamia ubatizo mimi, aliniona dukani akanikimbilia, mama yake akamwita kwa Kiswidi, kwa sauti ambayo hata Waswidi waligeuka. Boniface alinipigia kutoka Upplands Väsby. Hakupiga kelele, bora angepiga. Alisema nisiende kwake kwa muda, na kwamba mama kule Marangu ameambiwa naumwa ugonjwa wa akili, hivyo akinipigia nimjibu polepole. Wamuyu naye aliniambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba hakuja Sweden kufukuzwa kanisani, akanifungia namba. Sikumlaumu. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi nilikuwa na sababu zangu za kuukumbuka msemo huo.

Mwezi wa Julai wazee wa kanisa wakaja na njia. Nirudi kundini. Wewe kwenu mlikuwa Wakatoliki, huenda huujui vizuri utaratibu wetu wa Kilutheri: mtu aliyetengwa anasimama mbele ya usharika, anataja kosa lake, anaombewa, kesho yake anapewa chai kama zamani. Mama Gladness alinifuata mpaka kazini kuniambia kwamba nikitubu, Boniface ataandamana na mimi madhabahuni na mama atapigiwa simu aambiwe nimepona. Sharti lilikuwa moja. Nitaje aliyenitia kwenye mambo haya, maana mtu haanzi mwenyewe. Na jina walikuwa nalo tayari. Lilikuwa lako, dada. Walisema watu walituona tukipika pamoja miaka yote ile, na kwamba waliondoa mti wakasahau mizizi.

Ilikuwa Jumapili iliyopita. Nilivaa gauni la buluu. Boniface alikuja, akasimama kando yangu ananukia manukato, mikono ameifunga nyuma kama askari. Mchungaji akaniuliza ni nani. Ningesema Perpétue, neno moja tu, na uko mbali, na hapa walishakuharibia kila kilichokuwapo cha kuharibu. Nikafungua mdomo. Na nikaona kwamba ingekuwa rahisi sana, kwa sababu niliwahi kufanya hivyo hivyo.

Karatasi yako ya mwaka 2021 niliiandika mimi.

Ndiyo hiyo. Nimekaa na sentensi hiyo miaka minne na nimeiandika sasa hivi nikiwa na chai mkononi, wala dunia haijasimama. Ni mimi. Unakumbuka nilivyokuletea sombe, kile kisamvu chenu, ulipokuwa na mafua makali, sikupiga simu kwanza, maana kwetu mgonjwa haombwi miadi, nikamkuta Annika amevaa kanga yako. Ulinikalisha, ukanieleza yote, ukaniomba iwe siri. Nikala kiapo. Alhamisi iliyofuata nikaandika kwa herufi kubwa kwamba tumwombee dada Perpétue anayeishi na mwanamke kama mume na mke, nikakunja mara nne, nikatumbukiza. Nilidhani karatasi itamwangukia mtu mpole atakayenong'ona. Si kweli. Sikudhani chochote, nilitaka kisomwe tu. Kikasomwa ukiwa umekaa pale pale, na waliponyanyuka kukuwekea mikono kichwani, mkono mmoja ulikuwa wangu. Baadaye nilikusindikiza hadi stesheni nimekushika kiganja, na mwezi wa Juni umeniambia kwamba kati ya wote wale ni mimi peke yangu niliyekutendea utu. Dada, viazi ulivyonipakulia nikavirudisha sahanini.

Na Emérithe. Ulimshuku Emérithe kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa karibu na kikapu, na kwa sababu wote mlitoka Bukavu na aliyajua mengi yako. Kikulacho ki nguoni mwako, ulisema, ukaona ni yeye. Nilikuacha uamini hivyo. Nilikubali kwa kichwa. Kwa maneno yako na kimya changu Wakongo wote wa Stockholm walimwita mchongezi, na binti yake alipoolewa hukwenda, na wengine hawakwenda kwa ajili yako.

Basi pale madhabahuni nilisema kwamba hakuna aliyenifundisha, nimekuwa hivi tangu nikiwa Marangu na sare ya shule. Nikasema pia kwamba karatasi ya Perpétue ni yangu. Mchungaji akataka kunikatiza kwa wimbo. Emérithe alikuwa ameinuka tayari. Alikuja mbele taratibu, ameshika mkoba wake vizuri, akanipiga kofi ambalo mpaka leo sikio linalia. Boniface hakumzuia. Kisha Emérithe akasema kwamba miaka minne alikuwa anatafuta kosa lake kwako kwenye sala na hajalipata. Akalia. Nilitaka kumshika nikaona sina haki hiyo. Mama Gladness akaanzisha pambio, watu wakaimba kwa nguvu kana kwamba nyumba inaungua, nami nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Baadaye Emérithe aliniomba namba yako. Sikumpa, kutoa ni kwako. Yake nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Mpigie, hata kama mimi hutaki kunisikia tena. Mpigie leo.

Nimebakiza moja, na hili kanisani sikulisema kwa sababu haliwahusu. Utajiuliza kwa nini niliandika. Watu wote watadhani ni ushamba, kwamba nilishtuka kuona jambo ambalo nilikuwa silijui. Ningependa iwe hivyo. Sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa nakupenda. Nilikuwa nakupenda tangu ile sikukuu ya Pasaka tulipomenya mkungu mzima wa ndizi tukiwa wawili jikoni, na kwa miaka mitatu nilijiambia kwamba mwanamke kama wewe haiwezekani, wewe ni mtu wa Mungu, hivyo na mimi nitatulia, tutazeeka tunapika. Kisha nikamkuta Annika kwenye kanga yako. Kumbe iliwezekana, ila si kwangu. Ningekuwa nimekuchukia kwa ajili ya dhambi ingekuwa afadhali. Nilikuchukia kwa wivu, nikauvalisha wivu wangu joho la maombi, na watu wa Mungu wakaupokea kwa amina. Sikuombi unisamehe. Wanaoomba msamaha kwa barua huwa wanataka jibu la haraka, na mimi nimekunyima ukweli miaka minne.

Kazi ya wazee nimeikubali. Hapa siwezi kubaki, na pwani nyingine sina ninayoijua. Lakini kwenye chumba chako siji. Nimepata pa kukaa nyuma ya karakana ya boti, kwa mzee ambaye kwenye simu aliniuliza mara mbili kama nina mume na mara ya tatu akaniuliza natoka nchi gani, kisha akasema nisipike vitu vyenye harufu. Nitapika. Nitafika kwa basi siku ya Jumapili tarehe thelathini na moja. Mji wenu ni mdogo, tutakutana tu, sokoni au kwenye kituo cha basi. Ukinipita bila kunisalimia sitakuuliza, na nitakuwa nimezoea, maana nasikia ndiyo desturi ya huko. Ukinisalimia, nitajibu.

Nina mengine ya kusema lakini karatasi hii nayo ina kiasi chake. Jitunze, usipande ngazi na goti hilo. Nikumbuke ukiweza, si kwenye sala.

Na msalimie Annika. Ni mara ya kwanza namtumia salamu, na kila herufi ya jina lake nimeiandika kwa shida.

Wako katika ukweli, japo umechelewa,

Adelina Lyimo