Matofali ya Mwalimu Kazimili

Jumapili, 1 Julai 2007

Miaka thelathini na mitano na wiki mbili tangu nivuke mpaka kutoka Burundi. Wiki tatu Kirushya, pale mpakani, kisha hapa Nyakahura mpaka leo. Nilivuka na vitu viwili: shati na fimbo.

Baada ya misa, kikao cha Kamati ya Kumkumbuka Mwalimu Kazimili, aliyefariki mwaka jana. Mwenyekiti ni Celestini, mwanafunzi wake wa zamani — sasa mfanyabiashara wa mkaa! Mweka hazina Rozina, muuza ndizi wa sokoni. Katibu mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina pa kwenda.

Azimio: mnara wa matofali ya kuchoma, mbele ya shule, uandikwe ALIPENDA MITI. Nilipendekeza tupande miti. Celestini akasema miti tunayo mingi, mnara hatuna hata mmoja. Makofi.

Alhamisi, 5 Julai

Nimeombwa kuandika wasifu wa marehemu. Nimeandika tarehe mbili tu. Mengine hayafai kusomwa mbele ya mgeni rasmi.

Alifundisha sayansi miaka ishirini na sita na sidhani kama alimaliza kipindi kimoja ndani ya darasa. Mkaguzi akija, anakagua madawati. Watoto wako bondeni, kila mmoja mbele ya mti wake: Shikamoo! Ndiyo sheria yake — mti uliokuzidi umri unaamkiwa kabla hujachuma jani. Watu walimcheka. Msukuma wa Shinyanga, kazi yao kufyeka, huyu anaamkia miti! Akawajibu kwamba wao wanamwamkia hata mtendaji wa kijiji, na hatoi kivuli.

Wakati wa vita, mgambo walimkuta anatambaa kichakani na kioo cha kukuzia. Mpelelezi! Wakamfungia kwenye ghala la pamba kutwa nzima. Alitoka amefurahi sana. Alikuwa amepata aina tano za wadudu.

Na ile fimbo yangu. Nilifika shuleni kuomba maji. Akanipa maji, akaichukua fimbo, akaikwaruza kwa ukucha. Ganda bichi! Niliikata uani kwa baba siku ya kukimbia — mrinzi, mti ambao kwetu unapandwa kuzunguka boma. Akasema hii si fimbo, ina uhai. Akachimba shimo nyuma ya darasa, akaichomeka palepale.

Nikamuuliza, sasa nitatembelea nini?

— Hutembei tena, bwana. Umefika.

Jumamosi, 14 Julai

Matofali elfu tatu yamekauka. Kuni za kuyachomea hakuna. Vichaka vya karibu vimekwisha — Celestini anajua kuliko wote vimekwendaje. Azimio jipya: zikatwe kwenye miti ya shule. Miti aliyoipanda Kazimili!

Rozina akasimama.

— Celestini, sayansi ulifeli. Na aibu nayo umefeli?

— Dada Rozina, miti ni yake, mnara ni wake. Tatizo liko wapi?

Wajumbe wakaona ana hoja. Nami nikaandika muhtasari. Vizuri kabisa, bila kufuta hata neno.

Jioni akaja mpwa wangu Ndizeye. Shamba la baba kule Burundi limerudishwa. Lori la wanaorejea litapita hapa barabarani Jumatano, saa nne asubuhi. Akaniuliza, mjomba, nikuandikishe? Nilikuwa bado na hasira ya kikao. Nikasema niandikishe.

Jumanne, 17 Julai

Miti arobaini na mmoja chini. Ule wa getini ulikuwa na kibao cha USIKATE MITI. Wameukata juu kidogo ya kibao. Kibao kizima!

Mrinzi, ile fimbo yangu, bado umesimama. Nilimwambia Celestini kuni za mti huu ni laini, moshi mtupu.

— Mzee Havyarimana, tanuru halichagui. Na wewe kesho unaondoka. Utaulinda ukiwa Burundi?

Nimefunga mzigo. Nimetafuta fimbo ya safari, sina.

Jumatano, 18 Julai

Saa tatu na nusu. Naandikia nyuma ya darasa, nimekalia kiti cha mwalimu, mgongo kwenye mrinzi. Maua mekundu yanaangukia daftari.

Wanaume wawili wameweka mashoka chini, wanasubiri niondoke. Mzee hasukumwi. Ama kweli tuna heshima!

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Mwamkieni na mwenzangu.

Mmoja akacheka. Wa pili, aliyesoma hapa, hakucheka. Alivua kofia. Shikamoo, akauambia mti, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyechelewa darasani. Sasa amekaa mbali na shoka lake.

Celestini amefika. Anatazama saa. Rozina naye amekuja na mkungu wake kichwani, ameutua, ameegemea shina upande wa pili. Anasema leo ndizi zitauzwa hapahapa.

Honi. Ndizeye yuko juu ya lori, anapunga mkono. Mjomba! Mjomba!

Honi ya pili. Celestini mwenyewe ameninyanyulia mzigo wangu! Miaka yote hii hajawahi kunibebea kitu.

— Mzee, lori linakuacha.

Yule mwenye kofia ananitazama. Mwenzake amelishika shoka.

Honi ya tatu.

Sirudi. Nimefika.