Tangawizi ya Makambi

Mkuyuni, Mwanza
14 Julai 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Favour ameota meno mawili, na kazi yake ni kumng'ata baba yake. Luhaga anakusalimu sana, anasema vidole vyake bado vipo.

Barua yako aliyoileta kaka Okomo nimeipata. Unasema Mchungaji Josephat ameomba nije huko nyumbani kwenye makambi ya kanisa mwezi ujao na pipa la ile tangawizi uliyokunywa hapa kwangu mwezi Mei, niwanyweshe waumini wote. Nimefurahi, na sioni haya kujisifu: hapa Mkuyuni hakuna anayenishinda kwa vinywaji vya pipa. Luhaga alipopunguzwa kazi kiwandani, akanunua mtungi wa gesi ile inayotiwa kwenye soda na mapipa matatu ya chuma kwenye mnada wa hoteli iliyofungwa, majirani walisema tumeokota vyuma chakavu. Leo hao hao wanatukodi kwa harusi zao.

Siri yote ni presha. Mtungi ni mmoja, lakini kila pipa lina koki na geji yake ya kupimia presha, maana vinywaji havifanani tabia. Bia ya Luhaga inataka mshale usimame kwenye kumi na mbili. Ukizidisha unamimina povu tupu, na mgeni anaona umemdharau. Tangawizi inataka ishirini na tano, tena iwe baridi, ndipo inachoma pua kama soda ya dukani. Juisi ya ukwaju inataka kusukumwa tu. Mbili au tatu zinaitosha. Fundi mmoja wa Igoma alinibishia kwamba vyote viwekwe sawa. Nilimwacha ajaribu kwake, ukwaju ukamrukia hadi darini.

Sasa mama, tafuta mahali ukae.

Wiki ile uliyokuja, nilipika tangawizi Jumatano ili Sabato inikute sina kazi. Pipa lilikuwa limetoka kubeba bia, nami kwa haraka zangu nililisuuza juujuu. Umeme ukakatika siku mbili, barafu yote ikayeyuka. Ijumaa kabla jua halijazama nilifunga gesi, mshale ukiwa ishirini na tano, sikugusa tena. Kesho yake mchana, wewe na akina mama wa kwaya mkiwa mmeshakunywa glasi mbili mbili na wimbo umepamba moto, nikatupia jicho geji: thelathini na nane! Mshale haupandi mtungi ukiwa umefungwa, mama, isipokuwa kilichomo ndani kimechachuka na kinatengeneza gesi yake chenyewe. Nikaonja. Luhaga naye akaonja, akaninong'oneza kwamba hiyo si tangawizi tena, ni pombe, nifunge koki upesi.

Sikufunga. Ulikuwa unacheka. Tangu tumzike baba sikuwa nimekusikia ukicheka, na nilikuwa na kiu ya kicheko hicho. Uliponiletea glasi mara ya tatu, nilikumiminia nikijua.

Nilidhani yataishia pale. Kumbe ulirudi nyumbani ukasimama mbele ya kanisa, ukashuhudia kwamba tangawizi ya binti yako imekuponya goti, na watu wakasema amina. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mimbarani. Wewe ambaye hujawahi kuweka pombe mdomoni, nimekunywesha, kisha nikakuacha uishuhudie. Naona aibu, mama. Nisamehe.

Ningeweza kuja na tangawizi safi, niliyoipika asubuhi ile ile, na hakuna ambaye angejua. Uwezo huo ninao. Lakini kila atakayekunywa atalitaja goti lako, nami nitakuwa nimesimama pale kwenye koki, nimenyamaza mara ya pili.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Mchungaji. Nimeandika yote, na kwamba wewe hukujua. Sijaigundisha. Isome, kisha umpe, au uitie motoni. Ukimpa, nitakuja na pipa, nami nitakunywa wa kwanza mbele ya wote. Ukiichoma, nitakuja mikono mitupu, na sitakuuliza kwa nini.

Wasalimie kaka Okomo na shemeji, na wote watakaoniulizia. Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi mwanao uliyenizaa njiani ukitoka sokoni,

Ayoo