Picha ya Mwana wa Jirani

Neema mjukuu wangu,

Hujambo? Sisi huku ughaibuni, mtaani Doonside, tu wazima, ila goti langu bado linanisumbua. Mjomba wako amepata kazi ya ghala kule Wetherill Park.

Umeniuliza kama uweke mtandaoni picha ya yule kijana mweusi, mwenyeji wa asili wa huku, aliyefariki, uonyeshe kwamba uko pamoja na watu wake. Ngoja nikuambie kosa langu.

Nilipokuwa bado mgeni hapa, jirani yangu, mama mmoja wa wale weusi wenyeji wa asili waliokuwapo nchi hii kabla ya Wazungu, alifiwa na mwanawe. Nikaweka picha ya marehemu Facebook, na jina lake, na mshumaa, kama tufanyavyo kwetu. Nilidhani kwa kuwa sote ni weusi, tunaomboleza namna moja. Kesho yake akaja mlangoni.

"Katika familia yetu, aliyekufa hatumtaji jina wala hatuonyeshi uso wake," akasema polepole. "Ungeniuliza."

Nikaifuta palepale, nikamuuliza niandike nini. Akajibu:

"Andika kwamba mama yake bado yupo."

Nikaandika hayo tu. Wenzangu wa kanisani wakayasoma, na Jumapili nyumba yake ikajaa akina mama na sufuria zao.

Usinyamaze, Neema. Tafuta kwanza familia ya yule kijana inataka nini kisemwe.

Nyanya yako, ambaye siku ile hakuuliza.